Tulipompumzisha Mama

Kwetu pwani mtu akifa husemwa amepumzika. Neno hilo nilikuwa nikilisikia tangu utotoni, lakini halikunishtua hata kidogo siku kaka yangu aliposimama uani na kusema, "Mama sasa apumzike." Niliitikia. Tena niliitikia kwa sauti ya juu, ili majirani wasikie kwamba nyumba yetu ina watoto wenye huruma.

Tulikuwa tukikaa Kinondoni, zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Kinondoni ya siku hizo ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za makuti zilizopeana nafasi, na ukitaka kwenda mjini ulikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nyumba ilikuwa ya mama. Mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya talaka ya pili, na mdomo ambao waume wawili walishindwa kuuzoea. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, alikuwa karani bandarini na alikaa na mkewe Temeke. Kila Ijumaa alasiri alikuja kututazama kwa baiskeli, suruali ameikunja mguu mmoja isiingie kwenye mnyororo.

Mama alikuwa hakai. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Akishaswali alfajiri alichukua kikapu akashuka bonde la Msimbazi, kwenye matuta yake ya mchicha na matembele, mwendo mrefu hata kwa miguu yangu mimi. Akirudi alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akachambua mchele, akapika dagaa na mboga alizochuma mwenyewe. Adhuhuri alijinyoosha kidogo, kidogo kweli, kisha akasuka ukili wa mikeka mpaka jua lipoe. Jumamosi jioni alikwenda kwenye lelemama, kwa sababu chama chao cha ngoma kilikuwa kinashindana na chama cha mtaa wa pili, na kila wiki walitungiana nyimbo za mafumbo ambazo ilibidi zihifadhiwe kichwani. Alikuwa ameshapita miaka sitini na hakuna wimbo uliompita.

Na wakati wote huo tuligombana. Wageni walidhani tunachukiana.

"Wali huu umeupika au umeuadhibu?" aliniuliza siku moja.

"Mie nimeupika tu. Nazi umekuna wewe, kwa hiyo ugomvi wako ni na mbuzi."

"Mbuzi hajaachika mara mbili."

Niliumia, nikacheka, nikatafuta la kumjibu mpaka kesho yake. Ndivyo tulivyoishi, na sikupata kumwona mtu mwingine mwenye jibu la haraka kuliko mama yangu.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, nyumbani kwetu ilisomwa hitima ya kuwarehemu wazee. Wanaume walijaa barazani pamoja na mwalimu wa chuo cha Kurani, sisi wanawake tukawa ndani, na mlangoni pakatundikwa pazia. Nyuma ya pazia hilo mama aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mwalimu alilirudia kila jina na wanaume wakaitikia. Walikuwa watu thelathini na tisa. Wengine walikufa kabla Mjerumani hajafika. Makaburi yao hayakuandikwa kitu, na hakuna aliyewajua wote ila yeye. Majina mengi aliyarithi kwa mama yake, mama yake naye kwa shangazi yake, na hayakupata kuandikwa popote.

Masika moja akateleza njiani. Wakwezi wawili wa minazi walimwokota wakamleta nyumbani, mmoja kamshika huku na mwingine kule, naye akiwagombeza kwamba wamesahau kikapu chake. Mguu ulivimba, na baada ya siku kumi ulikuwa umepona. Lakini kisimani mwanamke mmoja alisema, nami nimesimama nyuma yake na debe langu, "Yule bibi ana watoto, hana watoto." Maneno hayo yalinichoma mpaka nikasahau kuteka maji. Nilimweleza kaka, na Ijumaa hiyo ndipo aliposema mama apumzike.

Wiki iliyofuata alifunga kiti cha turubai nyuma ya baiskeli, kile cha kukunja, akaja nacho. Alileta pia mkate wa mjini, siagi ya kopo na sukari.

"Kwani mie mgonjwa?" mama aliuliza.

"Huumwi, mama. Unapumzika."

"Nimechoshwa na nini?"

"Na dunia," kaka alimjibu, akacheka.

Mama hakucheka. Aliketi pembeni mwa kile kiti, nusu kuketi nusu kusimama, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Kaka alinivuta kando. "Na wewe, mdomo wako huo. Mama mtu mzima. Akisema neno, itikia tu."

Nikaapa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mama, sawa mama, umeshiba mama. Sauti niliifanya laini, ile ambayo watu huwatolea wagonjwa. Bondeni nilikwenda mimi, nazi nilikuna mimi, ukili nilimnyang'anya kwa kisingizio cha macho yake. Lelemama alikatazwa na kaka, kwamba haipendezi mama wa karani kuonekana akitingisha mabega. Kwa hiyo alibaki na kiti, mkate wa siagi, chai ya sukari nyingi, na usingizi. Alilala asubuhi, akalala mchana, akalala alasiri. Wanawake wa kisimani walinisifu kwamba nimeongoka. Nakiri kwamba sifa zile nilizipenda sana.

Miezi ya mwanzo sikuona kitu. Kisha siku moja aliniuliza leo siku gani, nikamwambia Jumanne, na kabla sijamaliza kufagia ukumbi akaniuliza tena. Siku nyingine, nikiwa kisimani, aliingia jikoni akatia sukari kwenye mchuzi wa samaki. Kisha ikaja siku aliyotaka nimpe upawa. "Nipe kile," alisema, "kile, kile cha kuchotea." Mkono wake ulikuwa ukichota hewani. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaumbua wanawake wa mtaa wa pili kwa beti tatu tu, na leo hana jina la upawa.

Nilimjibu kila swali kwa ile sauti laini. Moyoni sikuwa laini hata chembe. Nilikuwa situlii, sikai. Nikifagia nafagia pale pale nilipokwisha fagia, nikisuka nafumua, na usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Nilianza kuhesabu. Leo ameuliza mara sita. Leo mara tisa. Sikumwambia mtu. Kaka akiuliza, namwambia mama hajambo, anapumzika.

Jirani yetu mmoja hakudanganyika. Alikuwa mke wa mwalimu wa shule, Wakristo kutoka bara, mwenye sauti ya kupita nyua mbili. Kwake kulikuwa na baba mkwe, mzee aliyepinda mgongo, ambaye kila siku alichanja kuni mwenyewe, nami nilikuwa nikimsema jirani kwa hilo mtaa mzima. Asubuhi moja alisimama kwenye ua wetu akamtazama mama kwa muda.

"Mama anakaaga tu hivyo kutwa nzima?"

"Anapumzika."

"Kwetu mzee ukimnyang'anya jembe umemfungia mizigo ya safari."

"Kwenu bara," nilimwambia, "mnawatumikisha wazee."

"Sawa. Lakini baba mkwe wangu anajua leo ni siku gani," akasema, akaenda zake.

Sikumsemesha wiki mbili. Nilichokuwa nimekasirikia hasa ni kwamba kumbe na yeye amesikia.

Mwezi wa Shaabani ukafika. Siku ya hitima nilijipa kazi ya kupika, makusudi nikae mbali na pazia. Nilikuwa uani na sufuria kubwa la wali, masikio yote yako ndani. Nilisikia mama ameanza, mwalimu anarudia, wanaume wanaitikia, na mimi nahesabu kwa vidole huku nikichochea kuni. Alipofika kumi nilivuta pumzi. Alipofika kumi na saba nikajiambia kwamba nilikuwa nikijisumbua bure. Kisha kukawa kimya. Halafu sauti ya mama ikataja jina, mwalimu akalirudia kwa ile sauti yake ya mvuto, na baraza zima likaitikia.

Lilikuwa jina langu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kikawa changu. Nilisimama na upawa mkononi, hai, ninaombewa kaburi langu liwe pana. Mwanamke tuliyekuwa naye jikoni alijishika kifua. Barazani nilisikia kikohozi, kisha sauti ya kaka ikisema, "Samahani, jamaa, samahani."

Niliingia ndani mbio. Wanawake walikuwa wamemzunguka mama, wote wanasema kwa pamoja kwamba mwanawe yu hai, yu hai, yuko jikoni. Mama alikuwa anawatazama kwa hasira.

"Si amefariki?" alisema. "Yule mwanangu mkali. Mwaka mzima simsikii. Huyu anayenilisha ni mwema, Mungu amlipe, lakini mie simjui."

Hapo upole wa mwaka mzima ukanitoka.

"Mama! Unaniua na wali wangu uko motoni? Hao wanaoniombea watakula nini?"

Akageuka. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, na uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe upo," alisema. "Na wali wenyewe unaungua, harufu naisikia mpaka hapa."

Nilirudi jikoni ninalia. Wali ulikuwa umeungua kweli.

Kabla ya kuondoka, mwalimu alimwambia kaka kwa upole kabisa, "Mwakani tuandikieni majina kwenye karatasi. Tusimchoshe bibi." Pazia halizuii sauti, na mama alisikia. Walipokwisha kutawanyika alinishika kiganja, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Wakiandikwa," aliniuliza, "mie nitakuwa nani humu ndani?"

Nilitaka kwenda kukusanya sahani, hakuniachia.

"Mwakani nitawataja mwenyewe. Kwa kinywa hiki hiki. Niahidi."

Nilimwahidi. Nilimwahidi bila kujua litafanyikaje, na tangu dakika ile sikupata utulivu mwaka mzima.

Ijumaa kaka alikuja na daftari. Akamkalisha mama kwenye kiti cha turubai, akalamba ncha ya penseli, akasema, "Haya mama, mmoja mmoja." Mama alitaja kumi na wanane. Jasho lilikuwa linamtoka. Alirudia watatu aliokwisha kuwataja, akakwama.

"Wengine?" kaka aliuliza.

"Wengine wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo huko," mama alisema, akanyoosha kidole mlangoni.

Kaka alinitazama, akatikisa kichwa, akafunga daftari. Nami nilidhani vilevile, kwamba akili zimeshampaa na watu ishirini na mmoja wamekwenda nazo. Ningeweza kumlaumu Mungu. Lakini mguu ulipona siku kumi tu, na aliyemnyang'anya kikapu nilikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa yule jirani. Ilikuwa hatua thelathini na nilizipiga kwa tabu.

"Jirani," nilimwambia, "nimekuja. Nicheke kwanza, kisha tuzungumze."

Hakucheka. Alinipa kigoda. "Mrudishie kazi zake," alisema. "Zote. Hata akizifanya vibaya usizirudie mbele yake. Na huo mdomo wako, mrudishie pia."

Tulipambana na kaka juu ya jambo hilo. Aliuliza watu watasema nini wakimwona mama na kikapu. Nilimjibu kwamba watu wameshaniombea rehema, sasa waseme nini zaidi. Akapanda baiskeli, na wiki mbili hakuja.

Asubuhi ya kwanza nilimpa mama kikapu kitupu, nami nikamfuata nyuma. Miguu yake ilikuwa imelegea kwa kukaa, akasimama kila baada ya hatua chache. Tulifika kisimani tu. Pale aliweka kiganja kwenye ukingo wa kisima, akafumba macho, midomo ikacheza. Nikasogea. Alikuwa anawarehemu watu wawili, kwa majina yao na ya baba zao. Mmoja ndiye aliyekichimba kisima, mwingine alikuwa mkewe. Wote wawili hawakuwamo kwenye daftari la kaka.

Nilisimama pale na kinywa wazi. Miaka yote nilidhani mama anakwenda bondeni kufuata mchicha. Kumbe alikuwa akipita kwa watu wake. Hapa alikaa babu, hapa shangazi alikuwa na tanuri la chokaa, pale kwenye kituta mjomba alipigwa na radi akifunga mbuzi wake. Kila alfajiri aliwapitia kwa zamu, akawaombea, akaendelea. Kiti cha turubai hakikuwa na mtu hata mmoja wa kupita. Sisi tulimzuia njia kwa huruma, na tukamzuia na ukoo mzima.

Nilitaka kesho yake tufike bondeni, na keshokutwa tuwe na watu wote thelathini na tisa. Ndivyo nilivyo. Mama alichukua karibu miezi miwili kufika chini. Tena njia yenyewe haikutusubiri. Watu wa serikali walikuwa wamepita na minyororo ya kupimia, wamepigilia vigingi, na minazi mingine imelala chini kwa ajili ya barabara. Mahali pengine mama alisimama, akageuka kushoto, akageuka kulia, akasema, "Hapa palikuwa na mtu." Nami nilisubiri, kucha zangu nimezizamisha viganjani, kwa sababu jirani alikuwa amenionya nisimharakishe. Wakati mwingine jina lilikuja. Wakati mwingine tulirudi mikono mitupu na nikagombana na kila kitu jikoni.

Mkate na siagi nilimpa kaka arudi navyo. Tulirudi kwenye dagaa, matembele na muhogo, na sukari nikaificha mahali ambapo hata mimi niliisahau. Nilimpa mbuzi yake. Siku za mwanzo alikuna nazi pamoja na vipande vya kifuu, nami nikavitema kimya kimya nyuma ya nyumba. Ukili wake wa kwanza ulikwenda upande kama nyayo za mlevi. Nilimwambia hivyo hivyo, na alinijibu kwamba mlevi angalau ana mahali anapokwenda. Nilifurahi nikajifunga khanga upya bila sababu. Usingizi wa kutwa tuliukata. Wenzake wa lelemama walikuja kumchukua wenyewe, na wimbo wa wiki ile ulimshinda, akarudi amenuna. Wiki ya tatu aliimba ubeti mmoja. Siku hiyo alizunguka nao nyumba nzima, na usiku huo nililala bila kugeuka geuka.

Mimi nilikuwa bado nahesabu, ila sasa nilihesabu watu. Ishirini na watatu. Ishirini na saba. Kisha akaugua homa, tukaanguka mpaka ishirini. Nilimpigia kelele siku ile, kelele za kweli, kwamba atanitia aibu mbele ya mwalimu. Alinitazama akasema, "Aibu yako au yangu?" Sikulala. Asubuhi nilimkuta ameshachukua kikapu ananisubiri mlangoni.

Kwa kumfuata nami nikawashika. Sikuwataka, sikujitahidi, walinikaa tu miguuni. Nikifika kwenye kituta, mjomba huyo. Nikikanyaga chokaa, shangazi. Mwezi wa Rajabu tulikuwa na watu thelathini na wanane, na mama aliapa kwamba hajui wa thelathini na tisa ni nani. Mimi nilinyamaza.

Shaabani ikaingia. Kaka alikuja na karatasi mfukoni, amewaandika aliowapata. Nilimwambia aiache humo humo mfukoni. Mwalimu alipoiulizia, kaka alikuna kichwa akasema, "Mama anasema atawataja." Nilisikia wanaume wakinong'ona. Safari hii sufuria nilimwachia jirani wa bara. Alisema mambo ya hitima hayajui, ila wali hauna dini. Mimi nilikaa nyuma ya pazia, bega kwa bega na mama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu.

Alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo lakini haikuyumba. Wawili wa kisimani wakapita, babu akapita. Baada ya kumi na wanne akanyamaza. Mwalimu alisubiri. Mtu mmoja barazani akakohoa. Nilihisi kucha zake kwenye ngozi yangu.

"Tumefika wapi?" alininong'oneza.

Jina nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Sikulisema. "Tumekipita kisima," nilimwambia. "Tanuri liko kulia. Tunateremka."

Akafumba macho. Kisha akamtaja shangazi, na nyuma ya shangazi wakaja sita kwa mkupuo, mwalimu akawa anawakimbilia. Alipofika thelathini alikuwa anahema. Alinigusa kifundo cha mkono. "Sasa wataje wewe," alisema. "Mie nipo, nakufuata."

Niliwataja wanane waliobaki. Sauti yangu haikuzoea kusema bila kugomba, na ilinitoka nyembamba. Nilipomaliza mwalimu aliuliza, "Basi?"

"Basi," nilisema.

"Bado," alisema mama. "Amemruka mmoja."

Nilimshika mkono nimzuie. Nilijua ni nani. Katika ndoa yangu ya kwanza nilizaa mtoto wa kike, akaishi siku tisa. Alizikwa chini ya mikorosho, mahali njia inapokata kuingia bondeni. Tangu siku hiyo sikulitamka jina lake, na kila aliyelitamka mbele yangu niligombana naye, akiwemo baba yake, mpaka akanipa talaka. Kila hitima, likikaribia kutajwa, nilitoka kwenda kuangalia wali. Tulipopita pale kila asubuhi nilikuwa nikiongeza mwendo na kumpigia mama kelele kwamba jua linatuwakia. Kwa hiyo alikuwa akimrehemu mjukuu wake kwa haraka haraka huku akinikimbilia, na baada ya ile homa, jina lilipompotea, mimi sikumkumbusha. Rajabu yote nilimwacha atafute mtu ambaye mimi ninamjua.

Mama aliutoa mkono wangu. Akalitaja jina kwa sauti ya kufika barazani, na baada yake, kama ilivyo desturi yake ya kumtaja mtu na mzazi wake, akaweka langu: mtoto wa fulani. Mwalimu alilirudia. Kaka yangu alilirudia. Wanaume wote wakaitikia.

Watu waliletewa wali, sahani zikapita, nami nikabaki pale pale sakafuni, mtu nisiyejua kukaa, nimemlalia mama mapajani. Alikuwa ananipapasa kichwa bila kunitazama.

"Umemkumbuka lini?" nilimuuliza.

"Sasa hivi, ulipomruka. Ulikwenda mbio."

Kisha akasema, "Huyu simsahau tena. Hata nikikusahau wewe."

Alikuja kunisahau. Ilikuwa baada ya miaka saba, na kikapu, na mbuzi, na matusi yangu yote havikuzuia. Aliniita dada, aliniita jirani, siku nyingine hakuniita kitu. Lakini kila asubuhi nilipomshika mkono tukashuka bondeni, alisimama mwenyewe kwenye mikorosho, akataja jina la mtoto, na baada yake akaweka langu.